Walter Rodney: Miaka ya Uzamifu na Yaliyoifuata

Jina la Walter Anthony Rodney si geni katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Kitabu chake How Europe Underdeveloped Africa, kilichotolewa mwaka wa 1972, kimepita mikononi mwa vizazi kadhaa vya wanafunzi wa historia, siasa na fasihi, na hata wasiokisoma hukitaja. Kinachosahaulika ni kwamba mwandishi huyo alikuwa kwanza mtafiti wa makavazi. Kati ya mwaka wa 1963 na 1966, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikaa katika vyumba vya kusomea vya London, Lisbon, Seville na Roma akiandaa tasnifu ya uzamifu kuhusu historia ya pwani ya Guinea ya Juu, kuanzia 1545 hadi 1800. Tasnifu hiyo haijulikani sana miongoni mwa wasomaji wa kawaida. Hata hivyo, mengi aliyoyaandika baadaye yalichipuka humo, na kazi hiyo ilimfunza jambo kuhusu lugha ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kulipita hivi hivi.

Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi 1942 mjini Georgetown, Guyana, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake pia alishona nguo. Jamii aliyozaliwa ndani yake ilikuwa imeundwa na mashamba ya miwa: kwa upande mmoja wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko kama watumwa, na kwa upande wa pili wajukuu wa vibarua wa mkataba waliosafirishwa kutoka Bara Hindi baada ya utumwa kukomeshwa katika miaka ya 1830. Mwaka wa 1953, Walter alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, koloni hilo lilifanya uchaguzi wa kwanza ambapo kila mtu mzima alikuwa na haki ya kupiga kura. Chama cha PPP, alichokiunga mkono baba yake, kilishinda. Serikali hiyo haikumaliza hata miezi mitano. Waingereza walileta wanajeshi na kuisimamisha katiba. Mtoto huyo aliyekuwa akisambaza karatasi za kampeni za chama mitaani alishuhudia jinsi kura inavyoweza kutolewa kwa mkono mmoja na kupokonywa kwa mkono wa pili.

Alikuwa mwanafunzi hodari. Alipata ufadhili wa kusoma katika shule ya Queen's College, ambako alisifika kwa midahalo na riadha, na mwaka wa 1960 akapata ufadhili mwingine wa kujiunga na chuo kikuu cha Mona, Jamaika. Alihitimu mwaka wa 1963 katika somo la historia, daraja la kwanza. Historia ya Karibea kama ilivyofundishwa siku hizo ilikuwa na kasoro moja kubwa: Mwafrika alijitokeza akiwa tayari amefungwa minyororo melini. Alikotoka, alivyoishi, nani alimkamata na kwa nini, hayo hayakuwa na mlango katika mtaala. Kwa kijana wa Guyana aliyetaka kuuelewa umaskini wa mtaa wake, mwanzo wa kisa ulikuwa ng'ambo ya pili ya bahari. Aliposhinda ufadhili wa masomo ya juu, aliamua kuitafiti Afrika Magharibi, na akapelekwa London katika chuo cha SOAS.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1916, na mojawapo ya kazi zake za awali ilikuwa kuwaandaa maafisa waliotumwa kutawala makoloni. Wanafunzi wa Kiswahili wanakijua kwa sababu nyingine. Humo ndimo ilimohifadhiwa miswada mingi ya tenzi na mashairi ya pwani yetu, ikiwemo ile iliyokusanywa na W. E. Taylor na William Hichens, na mtafiti wa Mombasa au Lamu hulazimika wakati mwingine kupanda ndege ili akasome maneno ya babu zake. Rodney alikutana na hali hiyo hiyo. Nyaraka za zamani kabisa zilizoandikwa kuhusu watu wa pwani ya Guinea hazikuwa Guinea. Zilikuwa Ulaya, na nyingi kati yake hazikuwa hata kwa Kiingereza.

Sehemu aliyoichagua inaanzia mto Gambia hadi Cape Mount, katika Liberia ya leo. Ni nchi ya mito mingi, mikoko na mashamba ya mpunga, na wakazi wake ni wa makabila mengi madogo madogo: Wadiola, Wabalanta, Wapapel, Wabiafada, Wabullom, Watemne na wengineo. Haikuwa na dola kubwa ya kuwavutia wanahistoria waliopenda habari za wafalme na majumba. Wareno walifika huko katikati ya karne ya 15, kabla ya Wazungu wengine, wakaandika barua, ripoti za biashara, hesabu za forodha na maelezo ya safari. Kwa hivyo mtu aliyetaka kujua maisha ya pwani hiyo kabla ya biashara ya watumwa kuvuruga kila kitu hakuwa na budi kujua Kireno.

Rodney hakukijua. Alijifunza Kireno kwa ajili ya kazi hiyo, na akasoma pia Kihispania. Lugha yenyewe ilikuwa nusu ya mzigo. Nusu ya pili ilikuwa mwandiko. Aliyewahi kuketi mbele ya mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, wino umefifia na mnakili ameacha irabu nyingi bila kuzionyesha, anajua kwamba kuifahamu lugha ni jambo moja na kulisoma lile jani ni jambo jingine. Makarani wa Kireno wa karne ya 16 na 17 walifupisha maneno, waliunganisha herufi, na kila mmoja alikuwa na mkono wake. Rodney aliyafanya haya katika makavazi ya Lisbon, kisha Seville, ambako Uhispania iliweka kumbukumbu za himaya yake, na Roma, ambako barua za wamisionari zilihifadhiwa. Kazi ya namna hii haina mashahidi. Mtafiti anaweza kuketi wiki nzima akaondoka na sentensi mbili.

Kuna jambo la Lisbon ambalo halipaswi kuachwa nje. Ureno ya wakati huo ilikuwa chini ya udikteta wa Salazar, na tangu Januari 1963 ilikuwa inapigana vita huko Guinea-Bissau dhidi ya wapiganaji wa PAIGC walioongozwa na Amilcar Cabral. Nchi iliyotafitiwa na Rodney kupitia karatasi za miaka mia nne iliyopita ndiyo nchi iliyokuwa ikishambuliwa kwa mabomu siku hizo hizo, na waliozitunza karatasi ndio waliotuma ndege. Msomi mwingine angeweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Kwa Rodney, hati ya karne ya 16 na vita vya 1963 vilikuwa kurasa za daftari moja.

Maisha ya London yalikuwa na mafunzo yake nje ya chuo. Wahamiaji wa Karibea walikuwa wakibaguliwa katika nyumba na kazi, na Rodney alipanda jukwaani katika bustani ya Hyde Park, mahali ambapo yeyote anaruhusiwa kuhutubia umma, akazungumza juu ya hayo. Alijiunga pia na kundi la wanafunzi wa Karibea waliokutana nyumbani kwa C. L. R. James na mkewe Selma kusoma vitabu vya Marx na Lenin. James, mwandishi wa The Black Jacobins, alikuwa mzee wa kuheshimika, na alichowafunza vijana hao zaidi ya itikadi ni namna ya kusoma: kuchukua matini, kuyapima maneno yake, kuuliza yaliandikwa lini, dhidi ya nani na kwa sababu gani. Mafunzo hayo yalimfaa Rodney katika makavazi pengine kuliko mihadhara. Chuoni, msimamizi wake alikuwa mwanahistoria Richard Gray. Mwaka wa 1965 Rodney alimwoa Patricia Henry, Mguyana mwenzake aliyekuwa muuguzi, na mapato ya muuguzi yana nafasi yake katika historia ya tasnifu nyingi ingawa hayaonekani katika ukurasa wa shukrani.

Je, tasnifu yenyewe ilidai nini? Kiini chake kilikuwa swali ambalo lilionekana limekwisha kujibiwa. Watetezi wa biashara ya watumwa katika karne ya 18 walishikilia kuwa Waafrika waliouzwa walikuwa watumwa tayari katika nchi zao, na kwamba Mzungu alikuwa tu mnunuzi katika soko alilolikuta. Hoja hiyo ilikuwa imedumu kiasi kwamba baadhi ya wanahistoria wa karne ya 20 waliikubali bila kuikagua. Rodney alirudi kwenye maandishi ya Wareno wa mwanzo, watu waliokaa pwani hiyo, waliopenda kuorodhesha kila walichokiona, na ambao wangefaidika kutaja tabaka la watumwa kama lingekuwepo. Hakulikuta. Kwa maoni yake, kilichokuwepo ni wafuasi wachache waliokuwa chini ya himaya ya wafalme na wakuu. Halafu akaziweka kando yake taarifa za mwishoni mwa karne ya 18, ambazo zilieleza jamii zilizojaa watumwa. Baina ya nyaraka hizo mbili kulikuwa na zaidi ya miaka mia mbili ya biashara ya Atlantiki. Ikiwa utumwa wa ndani ulizidi kadiri biashara ilivyozidi, basi ulikuwa zao la biashara hiyo wala si chanzo chake.

Alieleza pia jinsi hali ilivyogeuka. Uvamizi wa Wamane katikati ya karne ya 16, ambao ndio ulioupa utafiti wake mwaka wa kuanzia, uliwatupa mateka wengi mikononi mwa wanunuzi. Wareno walioitwa lançados, waliohamia bara, wakaoa na kukaa chini ya ulinzi wa wenyeji, walikuwa madalali. Sheria zenyewe zilipindwa: makosa ambayo zamani yalitozwa faini yakawa adhabu yake ni kuuzwa. Hapa ndipo uaminifu wa mtafiti unapodhihirika. Ingekuwa rahisi, na ingewafurahisha wengi katika miaka ile ya uhuru, kuwaonyesha Waafrika wote kama wahasiriwa wa Wazungu wote. Rodney hakufanya hivyo. Alionyesha kuwa wafalme na wakuu wa pwani walishirikiana na wafanyabiashara dhidi ya watu wao wa kawaida, na akayasema hayo pasipo kuyapaka sukari.

Wanafunzi wa lugha watatambua kwamba sehemu ya mgogoro huu ni ya kisemantiki. Neno moja la Kireno lilitumika kumtaja mateka wa vita, mtu aliyewekwa rehani kwa deni, mfuasi wa mkuu na mtu aliyenunuliwa. Kiswahili cha zamani kilikuwa makini zaidi. Kilimtofautisha mtwana na mjakazi, mzalia aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake na mjinga aliyefika juzi kutoka bara. Ukizitafsiri istilahi hizo zote kwa neno moja la Kiingereza, jamii nzima inabadilika machoni pa msomaji. Mengi ya aliyoyapinga Rodney yalikuwa ya aina hiyo: jina la utumwa wa mashamba ya Marekani likibandikwa juu ya mahusiano ambayo hayakulingana nalo.

Sehemu ya hoja hii aliitoa katika Journal of African History mwaka wa 1966, na mjadala uliozuka haujaisha. J. D. Fage, mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Afrika Magharibi nchini Uingereza, hakukubaliana naye. Alirudi kwenye suala hilo mara kadhaa, na katika makala ya 1980 alizipitia upya taarifa za mwanzo za Wazungu, akadai kwamba watumwa wametajwa humo zaidi ya alivyokiri Rodney. Pingamizi la msingi ni la kimbinu: ukimya wa nyaraka si ushahidi kamili, kwani mgeni wa karne ya 16 angeweza kutoona, au kuona asielewe. Pingamizi hilo ni la haki. Watafiti waliofuata wamezirekebisha hoja kadhaa za tasnifu hiyo, hasa kuhusu jamii zisizokuwa na wafalme. Lakini hakuna anayeandika juu ya pwani hiyo leo anayeweza kuanza bila kupitia kwake, na kwa kazi ya mtu wa miaka 24 hilo si haba.

Alitunukiwa shahada ya uzamifu tarehe 5 Julai 1966. Siku hiyo hiyo mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza, wakamwita Shaka.

Mwaka huo huo alikwenda kufundisha Dar es Salaam, katika chuo kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Makerere. Idara ya historia iliongozwa na Terence Ranger, na wahadhiri wake walikuwa wakijaribu kuiandika historia ambayo ndani yake Mwafrika ni mtendaji. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Katika mwaka huo Rodney alitoa kijitabu kuhusu Afrika Magharibi na biashara ya watumwa ya Atlantiki, kilichoandaliwa kwa niaba ya Chama cha Historia cha Tanzania na kuchapishwa Nairobi na East African Publishing House. Ni kitabu chembamba, cha walimu na wanafunzi. Mtu akikilinganisha na tasnifu ataona jinsi miaka mitatu ya makavazi ilivyochujwa ikawa kurasa chache zinazoeleweka na mwanafunzi wa shule ya upili. Wasomi wengi hushindwa na kazi hiyo, na wengine huidharau. Rodney aliifanya kabla hata tasnifu yake haijatoka kama kitabu, jambo lililotukia mwaka wa 1970 huko Oxford.

Januari 1968 alirudi Mona kama mhadhiri. Aliwafundisha wanafunzi wake mchana, kisha akashuka hadi kwenye mitaa ya mabanda ya Kingston kuzungumza na Marasta na wasio na ajira juu ya historia ya Afrika. Serikali ya Jamaika haikufurahishwa. Oktoba 15 mwaka huo, akitoka kwenye kongamano la waandishi weusi huko Montreal, alizuiwa kushuka ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana, watu wa mitaani wakajiunga nao, na mji wa Kingston ukawaka. Mihadhara yake ya kipindi hicho ilichapishwa London mwaka wa 1969 kwa jina la The Groundings with My Brothers. Mwaka huo alirejea Dar es Salaam, akakaa hadi 1974.

Hapo ndipo kilipoandikwa kile kitabu cha 1972, kilichotolewa na Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House. Vijana wawili wa chuo hicho, Karim Hirji na Henry Mapolu, waliusoma mswada, naye akawashukuru katika dibaji, A. M. Babu aliandika neno la mwisho. Rodney aliacha kwa makusudi utaratibu wa tanbihi ambao ulikuwa umejaa katika tasnifu, akaweka mwongozo mfupi wa usomaji mwishoni mwa kila sura. Uamuzi huo ulikifanya kitabu kisomeke, lakini ulikuwa na gharama yake. Sura zinazogusa biashara ya watumwa zinasimama juu ya mwamba wa Lisbon na Seville. Nyingine, zinazoruka bara zima na karne nyingi, zinategemea kazi za watu wengine, na mara nyingine kauli zake ni pana kuliko ushahidi ulio mbele ya msomaji. Wanaokiiga leo huiga sauti ya mwandishi na kuusahau mwamba. Hukumu kama hiyo haimpunguzii Rodney hadhi, kwa kuwa yeye alijua tofauti ya aina hizo mbili za uandishi na alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba ile ngumu anaiweza.

Wakati huo Tanzania ilikuwa imeingia katika safari yake ya Kiswahili. Lugha hiyo ilikuwa imekuwa ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, na ilikuwa ndiyo lugha ya siasa, ya mikutano ya vijiji na ya viwandani. Chuoni Kiingereza kilitawala, na Rodney angeweza kuishi ndani ya Kiingereza hicho maisha yake yote akiheshimiwa. Lakini hakuridhika. Mwaka wa 1975, katika mazungumzo yaliyochapishwa miaka kadhaa baada ya kifo chake, alieleza sababu za kuondoka, na mojawapo ilikuwa lugha. Aliona kwamba mchango wake Tanzania usingeweza kuvuka mipaka ya chuo. Ili afanye kazi ya siasa miongoni mwa watu wa kawaida angehitaji kuimiliki lugha si kwa kiwango cha vitabu tu, bali kwa undani wa utamaduni unaoibeba, na aliamini kwamba umilisi wa namna hiyo unadai muda ambao hakuwa nao. Nyumbani kwao, kwa upande mwingine, lugha ya watu ilikuwa yake tangu utotoni.

Kukiri huko kunastahili kutafakariwa na kila anayejiandaa kwa utafiti. Huyu ni mtu aliyekuwa amejifunza Kireno akiwa mtu mzima, akakitumia kuwashinda mabingwa. Hakuwa mvivu wa lugha. Ila lugha ya nyaraka humsubiri msomaji. Ina subira ya karatasi, na kamusi inatosha kuifungua. Lugha ya sokoni haisubiri. Ina mizaha, mafumbo, mafumbato na kimya chenye maana, na asiyekulia humo huzungumza nayo kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, asiyejua mambo ya jikoni. Rodney alikuwa mkweli mno kudai kwamba angewasemea watu ambao hakuelewa utani wao. Wapo watafiti waliokaa pwani miezi sita, wakaajiri mkalimani, na wakaandika vitabu vinne. Uamuzi wa Rodney unawahukumu bila kuwataja.

Alirudi Guyana mwaka wa 1974. Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimemteua kuwa profesa wa historia, lakini uteuzi huo ulibatilishwa kwa shinikizo la serikali ya Forbes Burnham. Wengi walitarajia kwamba angeondoka. Alibaki. Aliendelea na utafiti katika makavazi ya Georgetown bila cheo wala ofisi, akisafiri nje mara kwa mara kutoa mihadhara ili familia ipate kula; watoto walikuwa sasa watatu. Kazi hiyo ilizaa historia ya wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905, iliyorejea kwenye kaida za tasnifu: nyaraka, takwimu, tanbihi. Ndani yake wajukuu wa watumwa na wajukuu wa vibarua wa Kihindi wanasimama pamoja katika matope ya mashamba ya miwa, wakati ambapo siasa za nchi zilikuwa zikiwagawa kwa asili zao. Aliandika pia hadithi za watoto kwa lengo hilo hilo, mojawapo ikimhusu Kofi Baadu aliyetoka Afrika na nyingine Lakshmi aliyetoka India. Katika siasa alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha WPA kilichowaunganisha watu wa asili zote mbili. Mwaka wa 1979 alikamatwa na kushtakiwa kwa kuchoma majengo ya serikali.

Usiku wa Juni 13, 1980, mjini Georgetown, bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano lililipuka mapajani mwake akiwa garini na nduguye Donald. Walter alifariki, akiwa na umri wa miaka 38. Redio hiyo ilikuwa imetolewa na Gregory Smith, sajini wa jeshi la Guyana, aliyeondoka nchini mara baada ya hapo. Donald alijeruhiwa, na mwaka wa 1982 alihukumiwa kwa kosa la kuwa na kilipuzi. Kitabu cha historia ya wafanyakazi kilitoka 1981 mwandishi akiwa kaburini, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Chama cha Wanahistoria cha Marekani.

Uchunguzi wa mwaka wa 1988 uliamua kwamba kifo hicho kilikuwa ajali. Tume iliyoketi kuanzia 2014 na kutoa ripoti yake 2016 ilifikia uamuzi tofauti: mauaji hayo yalikuwa ya kupangwa, na vyombo vya dola vilihusika. Mwaka wa 2021 mahakama ilifuta hatia ya Donald, na serikali ya Guyana ikatangaza kuwa ripoti ya tume itawekwa katika makavazi ya taifa na kwamba cheti cha kifo cha Rodney kitasahihishwa mahali pawili. Penye sababu ya kifo, ajali iondolewe na kuandikwa kwamba aliuawa. Penye kazi ya marehemu, ambapo karani wa 1980 alikuwa ameandika kwamba hakuwa na ajira, paandikwe profesa.